Barua ya daktari haimgeuzi mbwa kuwa dawa

Msomaji mpenzi, huenda nawe umewahi kumwendea daktari si kwa sababu unaumwa, bali kwa sababu unataka barua. Barua ya daktari ina nguvu za ajabu katika nchi yetu. Humpatia mfanyakazi siku tatu za kupumzika, humwondolea mwanafunzi adhabu ya kuchelewa kurudi shuleni, na hata humsaidia mshtakiwa kuahirishiwa kesi. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo, na nyingine nyingi nimekataa kuziandika. Lakini hivi majuzi, katika muda wa mwezi mmoja, niliombwa barua mbili za aina ambayo sikufundishwa chuoni. Zote mbili zilihusu mbwa.

Ya kwanza iliombwa na mama mmoja mjane ambaye nimekuwa nikimtibu shinikizo la damu kwa miaka kadhaa. Amenipa ruhusa nieleze habari zake, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Mumewe alipofariki, mama huyu aliacha kula sawasawa, akaacha kumeza dawa, na akawa haoni sababu ya kutoka kitandani. Kijana wake akamletea mbwa mdogo. Mbwa hajui kwamba mwenyewe anaomboleza. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi, anataka kutoka nje, na mtu lazima ainuke amfungulie mlango. Mama akaanza kuinuka. Akiinuka anachemsha chai, na akichemsha chai anakumbuka vidonge vyake. Kisha ploti ikapata mwenye nyumba mpya, na mama akaletewa notisi: ama mbwa aondoke katika siku 30, ama aondoke yeye na mbwa wake. Alinijia akiwa ameishika ile karatasi, akasema, "Daktari, waandikie kwamba huyu mbwa ni dawa yangu."

Barua ya pili iliombwa kwa simu kutoka Texas, Marekani. Mpwa wangu anaishi huko katika nyumba ya kupanga. Amenunua mbwa, na kampuni inayosimamia nyumba inamtoza amana na ada ya kila mwezi kwa ajili ya mnyama huyo. Rafiki zake wamemwambia kuwa akipata barua ya daktari inayosema mbwa ni wa kumfariji moyoni, hatalipa hata senti. "Mjomba, wewe ni daktari," akaniambia. "Andika tu mistari mitatu." Mara ya mwisho kumwona mpwa huyu ilikuwa miaka sita iliyopita, naye alikuwa mzima kama kigongo.

Maombi hayo mawili yanafanana kwa maneno, lakini hayafanani hata kidogo kwa uzito. Leo ningependa tuzungumze juu ya tofauti iliyopo baina yake, kwa maana naona mtindo huu unakuja kwetu polepole, na ni heri tuupokee tukiwa macho.

Wanyama wa aina tatu

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana wengi huyachanganya. Marekani, ambako mambo haya yameandikiwa sheria kuliko penginepo, wanyama hugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mbwa wa huduma. Huyu amefundishwa kazi maalumu ya kumsaidia mtu mwenye ulemavu: kumwongoza kipofu barabarani, kumjulisha kiziwi kwamba mlango unabishwa, au kumkinga mwenye kifafa asijiumize. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inamruhusu mbwa huyu kuingia dukani, hotelini na hospitalini pamoja na mwenyewe. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2011 zilieleza wazi kwamba mnyama wa huduma ni mbwa, na farasi mdogo aliyefundishwa akapewa nafasi ya pekee. Mwenye duka haruhusiwi kudai cheti. Anaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na je, amefundishwa kufanya kazi gani? Kuna mbwa waliofundishwa kuwasaidia wagonjwa wa akili pia, na hao wamo katika fungu hili hili.

Fungu la pili ni mnyama wa faraja. Huyu hakufundishwa kazi yoyote. Kuwapo kwake tu ndiko kunakompunguzia mtu huzuni au wasiwasi. Aweza kuwa mbwa, paka, sungura au ndege. Hana ruhusa ya kuingia mkahawani wala dukani kwa sheria ile ya 1990. Haki alizopewa zilitokana na sheria nyingine mbili, yaani ile ya nyumba na ile ya ndege.

Fungu la tatu ni mnyama wa kawaida wa nyumbani. Huyu anapendwa, naam, lakini sheria haimtambui kwa lolote zaidi ya kuwa mali ya mwenyewe.

Kwa upande wa nyumba, Marekani ina sheria ya mwaka 1968 inayokataza ubaguzi katika makazi, ambayo ilirekebishwa mwaka 1988 ili iwalinde watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi sheria hiyo imefasiriwa kwamba mwenye nyumba aliyepiga marufuku wanyama anaweza kulazimika kulegeza kamba kwa mpangaji ambaye ulemavu wake, ukiwamo ulemavu wa akili, unamfanya amhitaji mnyama, na kwamba hapaswi kumtoza ada ya mnyama. Hata vyuo vikuu viliguswa. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba sheria hiyo inahusu pia mabweni ya wanafunzi, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Kearney, na mwaka 2015 chuo hicho kikakubali kulipa dola 140,000 ili kesi iishe. Chanzo cha yote hayo kilikuwa mbwa mdogo wa mwanafunzi mmoja mwenye ugonjwa wa wasiwasi.

Ukistaajabu ya Musa

Kwa upande wa ndege ndiko mambo yalikoharibika. Sheria ya mwaka 1986 ilikataza mashirika ya ndege kuwabagua abiria wenye ulemavu, na kanuni zake zikaja kuwaruhusu wanyama wa faraja kusafiri bure ndani ya ndege, mradi abiria awe na barua ya mtaalamu wa magonjwa ya akili. Mnyama wa kawaida hulipiwa. Basi watu wakagundua kwamba kwa karatasi moja mnyama anaweza kusafiri bila nauli. Wafanyabiashara nao wakafungua maduka kwenye intaneti: jaza maswali machache, lipa kwa kadi, upokee barua yenye sahihi ya mtaalamu ambaye hujawahi kumtia machoni. Vingine vilivyouzwa ni vyeti, vitambulisho na fulana za mbwa, ilhali serikali ya Marekani haina daftari lolote rasmi la kuwaandikisha wanyama wa faraja.

Kwa hesabu ya chama cha mashirika ya ndege ya Marekani, wanyama wa faraja waliosafirishwa walipanda kutoka 481,000 mwaka 2016 hadi 751,000 mwaka 2017. Je, magonjwa ya akili yaliongezeka kiasi hicho katika mwaka mmoja? Hata kidogo. Kilichoongezeka ni barua. Juni 2017 abiria mmoja aliyekuwa akisafiri kutoka Atlanta aliumwa usoni na mbwa wa faraja wa jirani yake, akajeruhiwa vibaya. Januari 2018 abiria mwingine alifika katika uwanja wa ndege wa Newark akiwa na tausi mzima, mkia na yote, akitaka apande naye ndege kama mnyama wake wa faraja. Shirika la ndege lilikataa. Waswahili husema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mwisho wake ulikuwaje? Wizara ya uchukuzi ya Marekani ilibadilisha kanuni, na tangu tarehe 11 Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumtambua mnyama wa faraja. Yanaweza kumhesabu kuwa mnyama wa kawaida na kumtoza nauli. Mbwa aliyefundishwa, akiwamo wa mgonjwa wa akili, ndiye aliyebaki na haki hiyo. Majimbo nayo yakaweka sheria zake. Florida mwaka 2020 ilifanya kosa la jinai kutoa habari za uongo kuhusu mnyama wa faraja. California, kuanzia Januari 2022, inamtaka mtaalamu awe amemhudumia mgonjwa kwa angalau siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Uingereza, kwa upande wake, haikuwahi kuifuata njia hiyo. Sheria yake ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda mwenye mbwa aliyefundishwa kusaidia, lakini mnyama wa faraja hana hadhi yake mbali.

Tazama basi ni nani aliyeumia. Hakuumia yule aliyenunua barua bandia, maana yeye amekwisha kula faida yake. Aliyeumia ni mgonjwa wa kweli, ambaye leo akifika uwanjani na barua ya haki hatazamwi tena. Aliumia pia kipofu, ambaye mbwa wake wa kazi hushukiwa na kila mlinzi mlangoni kwa sababu ya waongo waliomtangulia. Mchuma janga hula na wa kwao.

Sayansi inasema nini?

Mtu anaweza kuniuliza: daktari, je, mnyama kweli hutibu? Jibu langu ni kwamba mnyama husaidia, lakini tuwe waangalifu na neno "kutibu".

Wazo lenyewe si geni. Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika katika kitabu chake kilichotoka 1859 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa yule wa maradhi ya muda mrefu. Mapema katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York alieleza jinsi mbwa wake alivyomsaidia kuzungumza na watoto waliokuwa hawataki kusema na mtu. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 92 wa moyo walioruhusiwa kutoka hospitalini. Kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani, waliokufa katika mwaka mmoja ni 3. Kati ya 39 wasiokuwa na wanyama, waliokufa ni 11.

Hesabu hizo zinavutia, lakini hazithibitishi kwamba mnyama ndiye aliyewaponya. Huenda mtu mwenye mbwa ni yule ambaye tangu awali alikuwa na nguvu za kumtunza. Huenda ana nyumba kubwa zaidi, ndugu zaidi, au fedha zaidi. Ushahidi kwamba mnyama asiyefundishwa, peke yake, anaponya unyogovu au ugonjwa wa wasiwasi bado ni mwembamba. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba upweke ni mbaya kwa afya, na mnyama huupunguza. Anampa mtu ratiba, anamtoa nje kutembea, na anampa kiumbe wa kumgusa. Si jambo dogo. Lakini mtu aliyezama katika unyogovu mkali akipewa paka badala ya matibabu, tumemdhulumu yeye na paka pia.

Naogopa hasa jambo hili kwetu Kenya. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Bunge lilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022, lakini sheria haimezwi kama kidonge. Mtu anayekosa usingizi kwa wiki tatu, anayelia bila sababu, au anayefikiria kujitoa uhai, asiambiwe akatafute mbwa. Apelekwe hospitalini leo.

Sahihi ya daktari

Sasa turudi kwenye barua. Chama cha Madaktari Duniani kilipoandika kanuni zake za maadili mjini London mwaka 1949, kiliweka sharti kwamba daktari athibitishe lile tu ambalo amelihakikisha yeye mwenyewe. Sharti hilo ni fupi, lakini lina uzito wake. Nikimwandikia mpwa wangu kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi na kwamba anamhitaji mbwa, nitakuwa nimethibitisha mambo mawili nisiyoyajua. Nitakuwa pia nimemtibu mtu wa Texas, ambako sina leseni, kwa simu, kwa sababu tu mama yake ni dada yangu.

Kuna swali gumu zaidi. Je, hata yule mjane, ambaye ni mgonjwa wangu hasa, mimi ndimi ninayefaa kumtolea ushahidi? Mwaka 2016 mwanasaikolojia Jeffrey Younggren na wenzake wa Marekani waliandika kwamba mtaalamu anayemtibu mgonjwa hawezi kwa urahisi kuwa pia mwamuzi asiyependelea. Anayetibu anataka mgonjwa wake afurahi na arudi tena. Anayeamua lazima awe tayari kusema hapana. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini katika nchi ambayo mgonjwa ana daktari mmoja, kama anaye, nani mwingine atakayeandika? Nadhani daktari anayetibu anaweza kuandika, mradi aandike aliyoyaona na asiyageuze kuwa hukumu.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilimwandikia mama yule kwamba ni mgonjwa wangu, kwamba alidhoofika baada ya kufiwa, na kwamba tangu apate mbwa nimeona shinikizo lake la damu limetulia na uzito wake umerudi. Kabla ya kuandika nilimuuliza yeye mwenyewe ni mambo gani yanaweza kujulikana na mwenye nyumba, maana siri ni yake, si yangu. Sikuandika kwamba mbwa ni dawa. Sikuandika kwamba sheria inamlazimisha mwenye nyumba kumkubali, kwa sababu silijui hilo kuwa kweli.

Mpwa wangu nilimwambia nimekataa. Alikasirika, na kwa wiki kadhaa dada yangu alikuwa akinijibu kwa mkato. Nilimshauri kijana kwamba kama kweli hana amani moyoni, amtafute daktari huko aliko, na kama hana tatizo, alipe ada ya mbwa wake kama wengine. Njia ya mwongo ni fupi, na anayeikata kwa sahihi yangu ananipeleka nami mwisho wake.

Sheria zetu na jirani wa mlango wa pili

Je, hapa kwetu sheria inasemaje? Katiba ya 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma, kwa kadiri inavyofaa. Ibara ya 260 inapoeleza maana ya ulemavu inautaja hata ule wa akili na wa kisaikolojia. Kenya pia iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kifungu chake cha 9 kinazungumzia msaada wa viumbe hai. Kwa hiyo kipofu mwenye mbwa aliyefundishwa ana mahali pa kusimamia, na wakili hodari anaweza kujaribu kumtetea hata mgonjwa wa akili. Lakini mnyama wa faraja kama Wamarekani wanavyomwelewa hana sheria yake hapa. Mpangaji na mwenye nyumba wanabaki na mkataba wao, na pengine na utu wao.

Na tusimfanye mwenye nyumba kuwa adui kila mara. Katika ploti ya yule mjane kuna mtoto mwenye pumu, na mlango wake umeelekeana na wa mama. Manyoya na mba za mbwa au paka zinaweza kuamsha pumu kwa mtu mwenye mzio. Pia kuna familia ya Kiislamu kwenye ngazi hiyo hiyo, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Akiwagusa watoto wakielekea madrasa, wamepata usumbufu wa kweli. Si ajabu kwamba katika Mji wa Kale wa Mombasa na kule Lamu paka hupita kila baraza kwa uhuru, ilhali mbwa hukaribishwa kwa shingo upande. Faraja ya mtu mmoja haiwezi kupimwa bila kuhesabu pumzi na ibada ya jirani yake.

Isitoshe, kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini mwetu, wengi wao watoto, na karibu wote hutokana na kuumwa na mbwa. Louis Pasteur alitumia chanjo yake kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885, na bado tunazika watu. Serikali ilianza mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, ambao msingi wake ni kuwachanja mbwa 70 kati ya kila 100. Anayesema mbwa wake ni wa faraja bila kuwa na cheti cha chanjo hana faraja, ana hatari. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, maana zikianza ni nadra sana mtu kupona. Minyoo nayo isisahauliwe: Turkana imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji unaosababishwa na tegu wa mbwa. Na mama mjamzito asisafishe choo cha paka.

Tena kuna mnyama mwenyewe. Yeye hakuombwa idhini. Mbwa aliyefungiwa katika chumba kimoja tangu alfajiri hadi usiku, eti ili amfariji bwana wake akirudi kutoka kazini, yeye atafarijiwa na nani? Sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimwachi mtu atese mnyama kwa sababu anampenda.

Maoni yangu

Naona tufanye hivi. Bunge liseme waziwazi, bila kumwachia kipofu mzigo wa kwenda mahakamani, kwamba mbwa aliyefundishwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu ataingia kwenye matatu, dukani na katika nyumba ya kupanga. Kuhusu mnyama wa faraja, tusiige mtindo wa Marekani wa karatasi. Tumwachie mpangaji haki ya kuomba, na mwenye nyumba wajibu wa kusikiliza na kutoa sababu akikataa. Yeyote atakayeuza vyeti vya wanyama wa faraja achukuliwe kuwa mlaghai.

Wewe mwenye nyumba, kabla ya kuandika notisi, bisha mlango uulize. Taka cheti cha chanjo, taka usafi, taka mbwa asibweke usiku, na weka mambo hayo kwa maandishi. Wewe mpangaji, waulize majirani kabla ya kumleta mnyama, si baada. Wewe daktari mwenzangu, usimwandikie mtu usiyemtibu, hata akiwa wa damu yako. Na wewe uliye na jamaa ughaibuni, usimtume kwa daktari wa nyumbani kama mtu anayeagiza unga dukani.

Mjane wangu je? Mwenye nyumba aliisoma barua yangu akasema haina nguvu ya sheria, na alisema kweli. Lakini alikuwa ameisoma. Alimpa mama muda zaidi, na chumba cha chini chenye mlango wake wa kutokea uani kilipoachwa wazi, akampa yeye kwanza. Kodi yake ni ya juu kidogo, na mama analalamika kila akija kupimwa. Mtoto mwenye pumu amebaki ghorofani, mbali na manyoya. Mbwa amechanjwa. Juma lililopita shinikizo la damu la mama lilikuwa zuri, na nilimwongezea vidonge vya miezi miwili. Bado anahitaji vidonge, msomaji. Mbwa humwamsha tu ili avimeze.